Tampo, sama ng loob au hinanakit: uchague Kiingereza kipi?

Ukiumizwa hisia, Kiingereza hutaka kwanza kujua umeumia kiasi gani. Umekereka? Umeudhika? Umevunjwa moyo kabisa? Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, kinaanzia kwingine: aliyekuumiza ni nani kwako, na unangoja afanye nini. Ndiyo maana anayetafsiri kutoka Kitagalogi kwenda Kiingereza akishika kamusi na kuchukua neno la kwanza analoliona, sentensi hutoka sahihi kisarufi lakini uhusiano wa watu wawili umeshapotea.

Jambo hili linatugusa pia sisi tunaosema Kiswahili. Kwenye nyumba, hoteli na hospitali za Muscat, Dubai, Doha na Riyadh, Mkenya, Mganda au Mtanzania anafanya kazi bega kwa bega na Mfilipino, na lugha yao ya pamoja ni Kiingereza. Tamthilia za Kifilipino zilizoingizwa sauti za Kiingereza zimeonyeshwa sana kwenye televisheni zetu. Na Wafilipino wenyewe wana Kiingereza cha muda mrefu: walimu wa Kimarekani waliwasili na meli ya Thomas mwaka 1901, na katiba ya 1987 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kifilipino, ambacho msingi wake ni Kitagalogi. Kwa hiyo Mfilipino anapata neno la Kiingereza bila shida. Shida ni kile anachokisikia mwenzake.

Hapa chini nayaweka maneno makuu kando ya Kiingereza kinachopendekezwa mara nyingi, na kila mahali nasema ningechagua kipi. Kipimo changu ni kimoja: aliyeumia anangoja nini kifuate?

Tampo

Tampo ni kumnunia mtu unayempenda. Mtu baki hana nafasi hapo. Konda akikupunja chenji, utakuwa na inis, yaani kero, au galit, hasira yenyewe. Huwezi kumfanyia tampo, kwa sababu humtarajii aje kukubembeleza. Lakini mume akisahau siku yenu ya ndoa, rafiki akija mjini akaondoka bila kukupigia simu, mama akaonekana kumpendelea mdogo wako mbele ya wageni, hapo ndipo tampo inapozaliwa. Mwenye tampo hatangazi. Anajibu kwa neno mojamoja, anasema ameshiba, anaingia chumbani. Kinachofuata kinajulikana na pande zote mbili: mwenzake afanye suyo, yaani ambembeleze, amtanie kidogo, amletee kitu anachokipenda, mpaka uso ufunguke.

Msomaji wa Kiswahili yuko karibu na jambo hili kuliko Mwingereza. Tuna kununa, kususa na kuzira, na tuna kudeka, ambako ni upande wa pili wa hayo yote. Mtoto anayesusa chakula huku akisikiliza kama ataitwa tena, anafanya tampo barabara.

Sasa Kiingereza. Kamusi nyingi hutoa “sulk”. Neno hilo linachora vizuri tabia yenyewe, ule uso na ule ukimya, lakini linabeba hukumu: mtu mzima akiambiwa “you're sulking” ameambiwa anafanya utoto. Kitagalogi hakina hukumu hiyo. Mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila aibu, “Nagtatampo ako sa iyo.” Mwingereza hawezi kusema “I'm sulking at you” akaeleweka kama mtu mwenye akili timamu. Kwa hiyo “sulk” ifae kwa mtoto, au pale msemaji anapotaka kweli kumdharau aliyenuna. Kwa nafsi ya kwanza usiiguse.

“Upset” ni salama, na kwa mtu wa tatu aliye mzima ndiyo ningeanza nayo: “She's upset with you.” Neno linalookoa hapo ni “with you”. Ukiandika tu “she's upset”, anaweza kuwa amekasirishwa na foleni au na mvua. Ukiongeza mtu, uhusiano unarudi.

“Hurt” ina ukweli zaidi lakini ni nzito. Kwa Kiingereza, “I'm hurt” hufungua mazungumzo mazito ya kukaa kitini. Tampo nyingi si nzito hivyo. Dawa yake ni kuipunguza makali: “Nagtatampo ako sa iyo. Hindi mo man lang ako tinawagan” iwe “I'm a little hurt you didn't even call me.” Hiyo “a little” inafanya kazi kubwa. Inamwambia mwenzako kwamba mlango haujafungwa, na akija vizuri mambo yataisha leo leo.

Halafu kuna “the silent treatment”. Wengi huipenda kwa sababu inataja ukimya. Mimi naikataa karibu kila mara, maana kwa Kiingereza ni adhabu, tena wataalamu wa ndoa huitaja kwa jina baya. Mwenye tampo hamwadhibu mwenzake. Anamwita kwa njia ya kimya. Iache kwa mhusika anayekusudia kumtesa mwingine.

Sentensi inayoharibiwa kuliko zote ni ile ya mbembelezaji: “Huwag ka nang magtampo.” Nimeiona ikitafsiriwa “Stop sulking.” Hiyo ni amri, na imeua suyo yote. Linganisha na “Come on, don't be like that.” Hakuna neno hata moja ndani yake linalomaanisha tampo, lakini ni maneno yaleyale ambayo Mwingereza angemwambia mpenzi wake akiwa amekaa pembeni ya kitanda. Nachagua hiyo bila kusita.

Tampuhan, yaani wawili wakinuniana, ni rahisi: “a tiff” inakaa vizuri kwa wapenzi, na kwa marafiki “a falling-out” ni kubwa mno, bora “they're not speaking at the moment”. Matampuhin, mtu mwepesi wa kununa, angalia nani anasema. Mama akimsema mwanawe kwa mapenzi, “her feelings get hurt easily”. Jirani aliyechoka, “touchy”.

Sama ng loob

Hapa tunaingia kwenye neno loob. Maana yake ya kawaida ni ndani, kama ndani ya nyumba, na kwa mtu ni ule undani wake ambamo nia na hisia hukaa. Liko kwenye utang na loob, deni la wema; kwenye lakas ng loob, ujasiri; kwenye pampalubag-loob, kile ambacho sisi tungekiita kifuta machozi. Virgilio Enriquez, aliyeanzisha katika Chuo Kikuu cha Ufilipino miaka ya 1970 tawi la saikolojia liitwalo Sikolohiyang Pilipino, alilalamikia mtindo wa kuchukua maneno kama hiya, yaani aibu, na utang na loob mojamoja na kuyapachika maana za Kimarekani. Kwake kiini kilikuwa kapwa, yaani mwenzako ambaye wewe na yeye hamjatengana. Nalitaja hilo kwa sababu linamsaidia mtafsiri: undani wa mtu kwa Kitagalogi huharibiwa na mwenzake, na hutengenezwa na mwenzake.

Sama ng loob ni undani uliochafuka. Ni nzito kuliko tampo, na inakaa muda mrefu. Inaweza kuwa kwa mzazi, kaka, bosi, padri. Haitaki utani wala zawadi ndogo. Inataka aliyekosea aone kwamba alikosea. Ikikosa hilo, mtu hufanya kimkim, yaani huiweka moyoni, hata miaka. Kiswahili cha Tanzania kina “nimekwazika” kwa ile mbichi, na kinyongo au fundo moyoni kwa ile iliyokaa.

Mtego wa kwanza ni mkubwa. “Masama ang loob ko” neno kwa neno inakaribia “I feel bad”, na Wafilipino wengi huisema hivyohivyo. Msikilizaji Mwingereza anasikia ama “naumwa” ama “najuta”. Mtu aliyekosewa anaonekana anaomba msamaha! Mtego wa pili: “masama ang pakiramdam ko” ni ugonjwa wa mwili, homa au kichefuchefu, na hapo ndipo “I feel unwell” inapokaa. Pakiramdam kwa mwili, loob kwa moyo. Mtego wa tatu uko kwenye kiungo kidogo, ile “-ng” inayounganisha maneno mawili: masasamang-loob, kama inavyoandikwa kwenye habari za magazeti, ni wahalifu. “Masama ang loob niya” ni mtu aliyeumizwa. “Masamang-loob” ni jambazi. Na “mabigat ang loob”, ambayo ungedhani ni moyo mzito wa huzuni, mara nyingi ni kutotaka, kufanya jambo kwa shingo upande. Kiingereza chake ni “reluctantly”.

Baada ya mitego, chaguo. “Grudge” ni kali kupita kiasi: inampa kosa anayeishikilia na inanusa kisasi. “Resentment” ni sahihi kwa ile ya miaka mingi, ila ni neno la vitabu. Mhusika wa kijijini Batangas, mkoa wa Ufilipino, akilisema kwenye tamthilia, linasikika kama limesemwa na mwanasheria. Kwa ile mbichi, “hurt” bila kupunguzwa: “Sumama ang loob niya sa sinabi mo” iwe “What you said really hurt her.” Hapa “really” badala ya “a little”, na hiyo ndiyo tofauti yote kati ya sama ng loob na tampo ikiwekwa kwa Kiingereza chepesi. Kwa ile ya zamani napenda “He never got over it”, kwa sababu inasema muda bila kumhukumu.

Kuna mahali pamoja ambapo lugha hizi mbili zinakutana kwa raha. “Walang samaan ng loob” ni “no hard feelings”, inasemwa wakati uleule, baada ya mchezo, biashara iliyoshindikana au posa iliyokataliwa, kwa sauti ileile. Ichukue ilivyo.

Hinanakit

Imetokana na sakit, neno la maumivu na ugonjwa. Tofauti yake na sama ng loob ni kwamba hinanakit ina hesabu ndani yake. Nilistahili, na sikupewa. Dada amefanya kazi za ndani Ughaibuni, amesomesha wadogo zake, amejenga nyumba ya wazazi, halafu anarudi anakuta hakuna hata chumba alichotengewa. Hicho ndicho alicho nacho. Anangoja kusikia kwamba alichotoa kilionekana.

“Grievance” inavutia kwa sababu nayo ina hesabu, lakini ni neno la ofisi ya rasilimali watu na vyama vya wafanyakazi. “Bitterness” inaeleza hali ya mtu na kuacha nje aliyemwangusha. Naona “let down” ndiyo inayobeba zaidi: “May hinanakit ako sa kanila” iwe “I feel let down by them”, na kama nafasi ipo, ongeza “after everything I did”. Maneno hayo manne ya mwisho hayapo kwenye Kitagalogi, na bado ndiyo yanayofanya tafsiri iwe kweli.

Nasaktan na sinaktan

Wanaojua Kiswahili hapa wana faida, maana sarufi yetu inafahamu tofauti ya “nimeumia” na “umeniumiza”. Kitagalogi kinakwenda mbele zaidi. “Nasaktan ako” ni nimeumia, bila kusema nani. “Nasaktan mo ako” ni umeniumiza, na mwenye kusema anaacha nafasi kwamba hukukusudia. “Sinaktan mo ako” ni umeniumiza wewe, kwa tendo lako. Kiingereza kikizimeza zote katika “you hurt me”, mtu aliyekuwa anazungumza kwa upole anageuka mshtaki. Kwa ya kwanza weka “I got hurt” au “that hurt”. Kwa ya pili “I know you didn't mean it, but that hurt”. Weka “you hurt me” kwa ya tatu peke yake.

Maneno ya mdomoni

Mtu aliyeumia mara nyingi hataji kabisa jina la hisia. Anaulizwa “Anong problema?” anajibu “Wala.” Hakuna. Kwa Kiingereza “Nothing” inatosha, na “I'm fine” ni bora zaidi ikiwa uso unasema kinyume.

“Bahala ka” wengi huiandika “it's up to you”, na msomaji anadhani mwenzake amepewa uhuru wa kuchagua. Sisi tunaielewa papo hapo, kwa kuwa tuna “shauri yako”, yenye baridi ileile. Kwa Kiingereza ni “suit yourself”, au “do what you want” ikiwa mlango umeshabamizwa. Msemaji akiwa ametulia kweli na anakuachia uamuzi, mara nyingi atasema “ikaw ang bahala”, na hapo “it's up to you” inarudi kuwa sahihi.

Parinig ni kusema na mtu wa tatu, au na ukuta, ili yule mlengwa asikie. Vijembe, kwa lugha yetu, na wanawake wa pwani wanajua hata kanga inaweza kufanya kazi hiyo. “Dropping hints” ni dhaifu, maana “hint” inaweza kuwa ya zawadi ya siku ya kuzaliwa. Afadhali “that was aimed at me”, ukiigeuza sentensi iwe upande wa anayechomwa.

Sumbat ni masimango, basi. Kumkumbusha mtu wema uliomtendea ili umnyamazishe. “Sinumbatan niya ako” ni “she threw it all back in my face”. Kiingereza hakina nomino yake nzuri, kwa hiyo usiitafute.

Pikon ni yule asiyevumilia utani. Wafilipino husema “ang pikon, talo”, anayekasirika ndiye aliyeshindwa. “He can't take a joke” inatosha. Balat-sibuyas, ngozi ya kitunguu, ni “thin-skinned”, na zinalingana karibu kabisa. Napahiya, kuaibishwa mbele ya watu, wengi huiandika “I was embarrassed”, nami naona “I was humiliated” ndiyo kiasi chake kama kulikuwa na mashahidi. Mzizi wake ni hiya, unaofanana kwa sauti na haya yetu, ingawa haya tuliipata kwa Waarabu na hiya ni ya lugha za Kiaustronesia tangu kale.

Kuliacha neno lilivyo

Njia nyingine ni kutotafsiri. Kamusi ya Kiingereza ya Oxford iliingiza kilig, msisimko wa mapenzi, mwaka 2016 na gigil, hamu ya kumfinya mtu au kitu kinachopendeza mno, mwaka 2025, zote hisia za Kitagalogi zilizokosa mwenzake. Huko Manila watu huchanganya tayari, husema “make tampo” katikati ya Kiingereza na hakuna anayeshangaa. Kwenye riwaya ningeliacha tampo lilivyo, mradi ukurasa uleule uonyeshe chakula kilichosukumwa pembeni na mtu anayebembeleza. Kwenye maandishi ya chini ya filamu sitathubutu: mtazamaji ana sekunde chache na mistari miwili, na neno asilolijua linamla muda wote.

Vyeo vya udugu ni hoja tofauti. Ate na kuya, dada na kaka wakubwa, naviacha hata kwenye filamu, kwa sababu “Ate, that hurt” inasema mengi kuliko “Sister, that hurt”, ambayo Mwingereza ataisikia kama ya kanisani. Neno po la heshima halitafsiriki. Lirudishe kwa kulegeza sentensi. “Masama po ang loob ko sa inyo”, kijana akimwambia mzazi au bosi, iwe “I have to say, I was hurt”, wala si “You hurt me, sir”.

Na kuna maandishi ambamo neno la Kitagalogi lisibaki hata kidogo: maelezo ya mfanyakazi kwa polisi, ubalozi au ofisi ya kazi. Mara nyingi anayeombwa kusaidia kuyaandika ni mfanyakazi mwenzake mwenye Kiingereza kidogo, na anaweza kuwa ni wewe. Akisema masama ang loob niya kwa bosi, usiandike “she felt bad about what happened”; afisa atasoma majuto, na mlalamikaji atakuwa amegeuka mkosaji kwenye karatasi. Andika kwanza alichotendewa, tarehe na mahali, halafu hisia kwa “distressed” au “deeply hurt”. Akisema nasaktan, simamisha kalamu, kwa sababu neno hilo ni la mwili na la moyo kwa pamoja, na “I was hurt” ya Kiingereza nayo haitofautishi. Muulize kama alipigwa. Akisema ndiyo, andika “I was hit”, na uandike wapi.